Mgeni wa Zizi la Wamalwa

Ng'ombe ilifika Chwele na pickup siku ya soko, imesimama wima nyuma kama mtu anaenda kuhubiri, na wamama wakaacha kuuza viazi kwanza wakaitazama. Ilikuwa ya gredi, ile ya kizungu ya maziwa mengi, nyeusi na nyeupe, ngozi inang'aa. Jina lake Sofia. Aliyeituma ni Kiplangat wa Kibomet, kule Kitale. Binti yake Jepkoech alikuwa ameolewa na Noah, kijana wa mzee Wamalwa, wakapata mtoto, na Kiplangat akasema mjukuu wake akiacha ziwa asikute chai ya rangi.

Wamalwa alifurahi, na tena akaumia kidogo. Si alikuwa na ng'ombe zake? Ndogo, za kienyeji, za nundu, maziwa ni kikombe moja, lakini ni zake. Halafu Kiplangat akapiga simu, ati Sofia apuliziwe dawa ya kupe kila wiki, asisahau. Hapo Wamalwa akaona ni kama ameambiwa boma yake ni chafu. Ng'ombe zake hazijawahi kupuliziwa kitu tangu wakati wa babake. Kupe walijaa kwa masikio kama mbegu za nyonyo, na bado zinazaa, bado zinalima.

Sasa kwa hiyo boma kulikuwa na desturi. Ng'ombe mgeni analazwa ubavu kwa ubavu na ng'ombe mkubwa wa nyumbani, wanusane, wazoeane, ndiyo asitoroke. Wamalwa akamfunga Sofia karibu na Nekesa, kikongwe wa zizi, pembe moja imevunjika.

Jepkoech aliona. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni.

"Baba," akasema pole pole, "huyu hajawahi kukutana na kupe."

"Si amekuja kwetu? Basi atakutana nao."

Watu wa boma wakacheka, na Jepkoech akarudi jikoni. Bibi mgeni kwa boma hasemi jambo mara mbili.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Sofia akakataa nyasi. Matezi chini ya masikio yalikuwa yamevimba kama viazi, macho yanatoa maji, pumzi iko juu. Wamalwa hakuhitaji kuambiwa ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Alishaona ikimaliza ng'ombe za gredi za jirani, zizi lote.

Akamwangalia Nekesa. Alikuwa anacheua tu, kupe wale wale, masikio yale yale. Jambo hilo lilimsumbua Wamalwa kuliko hata ugonjwa.

Noah akasema aite daktari wa ng'ombe. Mzee akakataa. Daktari akipita sokoni na pikipiki, kila mtu atauliza anaenda kwa nani, na jioni habari iko Kibomet: zawadi ya mkwe imekufia kwa Wamalwa. Akachemsha majani, akamnywesha Sofia na chupa. Siku hiyo ikapotea bure. Jioni alimkuta Jepkoech amechuchumaa kwa zizi, anapanguza Sofia macho na leso ya mtoto. Angemlaumu ingekuwa afadhali. Wamalwa akatoka nje, akatafuta mahali simu inashika.

"Mkwe," akasema, "nilimlaza Sofia na ng'ombe zangu. Sikupulizia. Ako na ndigana."

Kiplangat akauliza kitu kimoja tu.

"Bado anasimama?"

"Anasimama."

"Sasa unaongea na mimi ya nini, bana? Ita daktari. Mimi nakuja."

Daktari alikuja usiku huo huo, akadunga sindano, akasema wangengoja kesho wangeita mchinjaji.

Kiplangat naye alifika akiwa na pampu ya dawa mgongoni, wala hakungoja chai. Sofia alikuwa ameanza kulamba chumvi. Kiplangat akamshika shingo, akaenda kwa Nekesa, akang'oa kupe moja kwa sikio, akaiweka kwa kiganja.

"Nekesa haugui na hii," Wamalwa akasema. "Nashindwa kuelewa."

Kiplangat akamwambia ugonjwa uko hata ndani ya Nekesa, umekaa kimya kama mpangaji anayejua mwenye nyumba akifa naye atalala nje. Ng'ombe za hapa hazikuanza hivyo. Zamani ng'ombe walikufa hapa wengi, waliobaki wakazaa, na hao watoto wakabaki na nguvu hiyo.

"Nekesa ako na nyanya zake waliokufia hapa," akasema. "Sofia hana hata mmoja."

Wamalwa akafikiria hilo neno mpaka chai ikapoa. Halafu akaomba aonyeshwe vile pampu inajazwa.

Siku hizi Sofia analala kando, na kila Jumamosi mzee anampulizia mpaka ndani ya masikio. Nekesa anakaa upande wa pili wa ua, anatazama. Siku ya kwanza Jepkoech alipita na ndoo, mzee akamwita.

"Mama, njoo uangalie. Nimeacha mahali?"

Jepkoech akaweka ndoo chini, akainua mkia wa Sofia.

"Hapa chini, baba."