Bibi Funguo

Matroni alikuwa amesoma riwaya za wauaji wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyemnyima usingizi. Yule aliyewazika wapangaji wake bustanini alimalizana naye kwa siku mbili, akasema kazi yake si safi. Miaka thelathini ya kulinda bweni la wasichana ilimfundisha kwamba binadamu anaweza lolote, hasa akidhani taa zimezimwa. Alistaafu na vitu viwili: hilo jina la Matroni, na funguo kumi na tisa kwenye pete moja, ambazo kumi na tano hazikuwa tena na mlango wowote duniani.

Kitabu kilichomtoa jasho alikipata kwa Fundi, mshonaji jirani yake, ambaye walibadilishana vitabu kama wengine wanavyobadilishana umbea. Kila Ijumaa Matroni alikaa kwenye kiti cha wateja akasoma kwa sauti, Fundi akishona. Penye kutisha, cherehani ilisimama. Kwa riwaya hii ilisimama mara nyingi kiasi kwamba gauni la bibi harusi mmoja lilikuwa bado halina mikono.

Ilikuwa habari ya mji ambao mtawala wake, Bibi Funguo, ameng'oa milango yote. Watu wanalala, wanaoga na wanalia hadharani. Bibi Funguo anapita akigonga fremu tupu kwa ufunguo, mara tatu, na anayeshtuka anaandikwa jina. Hata mke wa mwanawe, mja mzito, hana pa kubadilishia nguo. Mwandishi alijiita Binti Pazia, jina ambalo hawakuwahi kulisikia. Fundi alisema huyo lazima ana haya. Matroni akasema hapana, huyo ana kisa na mtu.

"Huyu bibi auawe," alisema Matroni Ijumaa ya pili, "na asiuawe haraka."

Fundi akauliza kwa moto au kwa maji. Matroni akasema kwa mawifi.

Walicheka mpaka ukurasa wa mia na kumi na mbili. Hapo Bibi Funguo anapanda jukwaani, mji mzima umepangwa mistari, na Matroni akaikaza sauti ili amfanyie haki: "Mlango unaofungwa mchana, ndani yake kuna mgonjwa au mwizi. Na mimi si daktari."

Kidole chake kikabaki kwenye mstari ule. Cherehani ikasimama.

Maneno yale hayakuwa methali ya wahenga. Aliyatunga yeye, bwenini, mwaka wake wa pili kazini, na tangu siku hiyo hakuyaacha. Nyumbani, alikoishi na mwanawe na mkamwana wake, aliyasema kila wiki. Fundi mwenyewe alikuwa ameyasikia mara nyingi hata hesabu ikampotea.

"Mwenzangu," Fundi alisema polepole, sindano mdomoni, "Ijumaa mbili hizi tumekuwa tukimtukana nani?"

Mkuki kwa nguruwe. Matroni aliona mambo yakijipanga yenyewe kama wasichana kwenye foleni ya chakula. Mkamwana wake, mpiga chapa wa ofisi ya wakili, alikuwa kila jioni akichapa chumbani, akidai ni kazi za ofisini. Chumba kile hakikuwa na mlango. Ule wa zamani uliliwa na mchwa miaka miwili iliyopita, ukapelekwa kwa seremala, na mahali pake pakatundikwa pazia. Pazia! Mwanawe, dereva wa malori, aliuliza mara moja tu, akaambiwa maseremala wote ni waongo, akarudi barabarani. Mwongo alikuwa mmoja, na hakuwa seremala. Mlango ulikuwa tayari ndani ya wiki moja. Matroni alikwenda mwenyewe kumwambia asiulete mpaka aambiwe. Kisha akaendelea kumtembelea mkamwana wake chumbani, akigonga fremu kwa ufunguo mara tatu, akiwa tayari ameshaingia.

Hapo akafanya jambo ambalo maishani aliwaita wanaolifanya wezi: akafungua ukurasa wa mwisho. Mke wa mwana wa Bibi Funguo anatoka dirishani alfajiri na mimba yake. Sentensi ya mwisho ilikuwa fupi: *Mtoto alizaliwa penye milango, na jina la bibi yake hakuambiwa kamwe.*

Mimba ya mkamwana ilikuwa ya miezi saba. Matroni aliinuka, akaketi tena bila kutazama, safari hii juu ya gauni la bibi harusi, na Fundi akaliacha hapo.

Kwa seremala alifika akihema. Mlango aliukuta umelazwa juu ya mapipa mawili, umekuwa meza. Seremala alikuwa akinywea chai juu yake. Aliapa kwamba hana kosa: aliambiwa asubiri kuambiwa.

"Basi nakuambia," alisema Matroni.

Jumamosi asubuhi mlango ulipachikwa mahali pake. Seremala akauliza komeo likae upande gani, ndani au nje, maana anamjua mteja wake. Matroni alilazimika kulisema mara mbili ndipo likasikika: ndani.

Adhuhuri mkamwana alirudi kutoka kazini. Aliuona mlango, akasimama mkoba begani, mkono tumboni. Kisha akakiona kitabu mezani, uzi wa Fundi ukining'inia kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili, na uso ukamshuka. Aliingia chumbani, akafunga, na komeo likalia mchana kweupe.

Matroni alijikuta ameshika ufunguo, mkono umeshainuka. Akaurudisha mfukoni kama mtu anayemfungia mbwa.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Yule mke wa kwenye kitabu. Angekuwa na mlango, angeondoka?"

Ndani kitanda kikalia, mtu akiketi.

"Angeondoka, mama. Ila angepitia mlangoni, mchana, na angeacha anwani."

Kwenye mbao, usawa wa macho ya Matroni, kulikuwa na duara la kikombe cha seremala. Alilisugua kwa kidole, halikutoka. Akavuta kiti, akaketi upande wake wa mlango.