Kaliba ya Kaka Yangu

Nilicheka kabla hajamaliza kufungua kisanduku. Kaka yangu Hussainali, mtu wa bastola ya arobaini na tano tangu tulipoanza kulenga shabaha, alikuwa ametoa bastola ya ishirini na mbili, nyepesi, yenye mtutu mwembamba.

"Hiyo ni ya kuulia panya, kaka?" nikamwuliza, kwa sauti ya kuwafikia watu wote waliokuwa uwanjani.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mei 2024, kwenye klabu yetu kaskazini ya Toronto. Festus, Mkenya mwenzetu wa miaka mingi pale, aliinama akajifanya anapanga risasi zake. Hussainali aliendelea kufuta mtutu. Alikuwa na miaka sitini na minane, nami sitini na mmoja.

Kwa asiyejua, namba hizo ni kaliba, yaani upana wa risasi, na watu wa bastola huzibishania kama wengine wanavyobishania timu za mpira. Tulipojiunga, arobaini na tano ndiyo ilikuwa heshima: risasi nene, mshindo unaousikia kifuani, teke linalopanda hadi begani. Baadaye watu walianza kubadilika. Risasi za milimita tisa, nyembamba kuliko hizo, ziliboreshwa, bei yake ikawa nafuu, na viganja vyetu navyo vikazeeka. Mmoja mmoja wakashuka, kila mtu na sababu yake ya kujitetea.

Mimi nilishuka mwaka 2009. Siku niliyoleta tisa yangu, Hussainali aliiinua kwa vidole viwili mbele ya wote. "Jamani, mdogo wangu amenunua sindano ya cherehani. Nani ana uzi?"

Wiki iliyofuata alirudia maneno hayo kwenye harusi kule Vaughan, nikiwa nimeketi na wakwe zangu. Akayarudia kwa miaka kumi na mitano, kwenye futari, kwenye matanga, popote alipopata watu wa kumsikiliza. Mke wangu alizoea kutazama sahani yake mpaka yaishe. Binti yangu Alia, ambaye huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliwahi kuniuliza baba mkubwa ananichukia kwa kosa gani. Nilimwambia ni utani wa ndugu.

Kwa hiyo asubuhi ile sikumwacha.

"Ile ya wanaume iko wapi?"

"Garini," alisema.

"Kailete basi. Festus ameshasahau ulivyokuwa."

"Reza, wacha," Festus akasema. "Mzee amechagua yake."

Nilijua ninachofanya. Mimi ni mfamasia. Kwa miezi minane shemeji yangu Daulat, mke wa Hussainali, alikuwa akija dukani kwangu kumchukulia mumewe dawa za kutuliza mikono, na mimi ndiye niliyezitia kwenye chupa na kubandika jina lake. "Usimwonyeshe kwamba unajua," aliniomba. "Atakufa kwa aibu." Nilimwahidi.

Hussainali alienda garini, akarudi na kisanduku kizito. Alishika bastola kwa mikono miwili, akasubiri mkono wa kulia utulie. Haukutulia. Risasi ya kwanza ilikwenda chini, ikatimua vumbi. Ya pili ilimshinda: bastola ilirudi nyuma ikampasua juu ya jicho, na kidole chake, kikiwa bado kwenye kifyatulio, kikajikaza tena. Risasi ya tatu ikaingia kwenye boriti ya paa.

Msimamizi wa uwanja alipiga kelele, wote tukaweka silaha chini. Hakuna mwingine aliyeumia. Msimamizi akampa kaka yangu kitambaa, akamwuliza kimetokea nini.

"Jasho," Hussainali alisema. "Imeteleza tu."

Yule bwana alikuwa akimheshimu. Pengine angempa onyo na kumrudisha nyumbani.

"Ana Parkinson," nikasema. "Anaficha."

Kaka yangu alinigeukia. Damu ilikuwa imefika kwenye masharubu. Hakunitukana; akaanza kufunga visanduku vyake, na kufuli moja ilimchukua mara nne kuifunga. Nikajiambia nilikuwa nimeokoa maisha ya watu. Nikajiambia hivyo njia nzima hadi nyumbani.

Klabu ilimwondoa. Bila klabu, ruhusa zake za kumiliki bastola zikafutwa, na Julai polisi wawili walikuja nyumbani kwake Richmond Hill. Tangu Kanada ipige marufuku kuuza bastola, hakuweza kuziuza wala kumwachia mtu yeyote. Zilikuwa zinakwenda kuyeyushwa. Daulat aliniita niwepo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwita, lakini aliponifungulia mlango hakunisalimu.

Hussainali alikuwa amezipaka mafuta zote na kuzipanga juu ya taulo mezani. Polisi mmoja alisoma orodha: arobaini na tano mbili, ishirini na mbili moja, na tisa moja, iliyosajiliwa mwaka 2011.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasogea. Ilikuwa pale, ya muundo uleule wa yangu, kitako kimelainika kwa kushikwa.

"Ulikuwa unaipiga lini?"

"Jumanne asubuhi. Ukiwa kazini."

"Miaka yote hii?"

"Ni bastola nzuri," alisema. "Mkono ulikuwa umeshaanza kuuma."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinyoosha pembe ya taulo. "Ulikuwa unalenga vizuri kuliko mimi, Reza. Ningekuambia nami nina tisa, ningekucheka kwa kitu gani tena?"

Polisi alimwekea karatasi ya kutia sahihi. Kalamu ilimtoka Hussainali mkononi, ikabingirika hadi ukingoni mwa meza, mbele yangu. Polisi wa pili, kijana, alinitazama, akisubiri nimpe kaka yangu kalamu, au nimshikie karatasi isiteleze.

Niliweka mikono mfukoni. Hussainali akainuka, akazunguka meza polepole, akaichukua mwenyewe, akarudi kukaa. Kuandika jina lake kulimchukua muda mrefu, nasi wote tulisimama tukimtazama.