Siku Ambayo Cheche Hakukimbizwa

Madaktari watatu walikuwa wamemwona Cheche, na wote watatu walimwona amelala.

Huo ulikuwa ujanja wa bibi yake. Kila siku ya kliniki alimtoa mjukuu nje kabla jua halijachomoza, akamzungusha uwanjani mpaka miguu ikamwisha nguvu, ndipo akamkabidhi kwa mkwewe, mama wa mtoto. "Twende na mtoto mwenye adabu," alisema. "Hatuendi kuanika aibu zetu kwa watu." Basi daktari angemsikiliza kifua, atabasamu, na kusema mtoto ni buheri wa afya, mama apunguze wasiwasi.

Mama mtu, fundi cherehani, zamani angebisha. Siku hizi alikuwa amekufa ganzi moyoni. Cheche alikuwa na miaka miwili na nusu na hakutulia hata akila. Alipanda kabati, alimwaga vifungo, usiku aliamka mara nne. Wiki ile alichomoka mlangoni akaingia barabarani. Lori likafunga breki, dereva akashuka akitetemeka. Mama alimshukuru, akambeba mwanawe, akarudi kumalizia upindo wa sketi ya mteja. Hakulia. Lilimtisha hilo kuliko lori.

Sasa alibaki mtaalamu mmoja wa ukuaji wa watoto, anayefika hospitali mara moja kwa mwezi. Naye akisema mtoto hana kitu, hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Alfajiri ya siku ya mtaalamu huyo, bibi alisimama mlangoni na viatu vya mtoto mkononi.

"Mlete nikamchoshe."

"Leo hachoshwi, mama."

"Atavunja vitu vya watu!"

"Avunje."

Cheche hakumwangusha mama yake. Aliingia kwa daktari kama kuku aliyekatwa kamba. Alivuta droo, akatawanya mafaili, akapanda kitanda, akaruka, akalifuata dirisha. Daktari, mwanamke wa makamo, hakumkaripia. Alifunga dirisha, akasogeza kikombe chake cha chai, akawa anatazama tu na kuandika.

"Kaamka vibaya leo," bibi akawahi kusema.

"Hapa ametulia, daktari; nyumbani huzidi," mama akasema.

Daktari alifungua kadi. "Wenzangu wameandika mtoto mtulivu, analala. Mara tatu. Mlimpa dawa?"

Cheche alikuwa chini ya meza akipiga teke ndoo ya taka.

"Nilikuwa namkimbiza," bibi akasema, macho sakafuni. "Saa nzima, kila tukija huku."

"Ulikuwa unamkimbiza na nani?"

"Na nani tena? Mwenyewe."

Mama akageuka. Akaona magoti ya mama mkwe wake, yamevimba yakabana kitambaa cha gauni alilomshonea yeye mwenyewe. Mara mbili mwaka ule alikuwa amelilegeza, akidhani bibi ananenepa tu uzeeni.

Daktari aliandika barua mbili, moja ya kupima usikivu, nyingine ya mtaalamu wa tabia za watoto. Akasema safari ni ndefu na hawezi kuahidi kitu, ila sasa angalau mtoto ameonekana.

Mama alizipokea barua. Akamwinamia bibi, akamshika mkono amwinue kwenye kiti. Bibi aliguna kwa maumivu, akang'ang'ania bega lake.

Hapo ndipo fundi cherehani alipolia.