Dakika Moja Kabla ya Adhana

Mayimuna alifika Kasese saa nane mchana, mwezi wa Ramadhani, vumbi la barabara ya Bwera limemzeesha miaka kumi. Alipanda ngazi moja kwa moja mpaka kwenye redio ya Waislamu, akamkuta Sheikh Wahab anapitia karatasi zake.

"Sheikh, lile darasa lako la saa tatu usiku, la kuwaambia vijana kwamba vita ya msituni si jihadi, ni tamu kweli. Lakini tunaolisikia ni sisi tulioko vitandani."

Sheikh akacheka. "Mama Nasif, umefunga safari yote hii kuja kunitukana?"

"Nimekuja kuomba dakika moja. Kabla ya adhana ya magharibi."

Mwanawe Nasif alikuwa amevuka mpaka miaka miwili nyuma, akawafuata watu wa msituni upande wa Kongo. Siku anaondoka waligombana, na Mayimuna, mdomo ukimtangulia, akamwambia: "Ukitoka usirudi. Radhi zangu huna." Sasa kijana anaweza kuwatoroka makamanda, lakini atakimbilia wapi ikiwa mama kamfungia mlango? Hilo ndilo lililokuwa likimla. Alitaka mtoto ajue neno lile amelimeza.

Na dakika ile hakuiokota njiani. Bulandina, mchuuzi wa ng'ambo ya mpaka anayenunua chumvi ya Katwe dukani kwake, aliwahi kutekwa na watu hao miezi mitatu, akabebeshwa mizigo. Alimsimulia kuwa kule redio ni marufuku, inakaa ndani ya gunia la mkubwa. Ila Ramadhani inatolewa. Chini ya miti ile jua halionekani likizama, basi wanafungulia redio ya Kasese dakika chache, wapate adhana, wafuturu. Adhana ikiisha, inarudi guniani.

Sheikh Wahab akavua miwani. Mwaka mzima alikuwa akihubiria gunia.

"Dakika hiyo ni ya Kurani," akasema taratibu.

"Kurani usiiguse. Punguza tangazo la magodoro."

Sheikh akatikisa kichwa, akatabasamu. "Haya. Lakini jina lake usilitaje. Makamanda nao wanasikiliza; ukilitaja, umemuua."

Hilo lilimchoma. Atajuaje basi kwamba ni yeye anayeitwa? Sheikh akamwandikia maneno mazuri, yenye aya na hadithi. Jioni taa nyekundu ya studio ilipowaka, Mayimuna akaikalia ile karatasi.

"Mwanangu," akasema, "nilikuambia usirudi. Nilikosa. Mdomo ndio uliosema, tumbo lililokubeba halikusema. Anayekuambia Mungu amekutupa, huyo hakukuzaa. Radhi zangu unazo, hata siku ile ulikuwa nazo. Rudi na nguo hiyohiyo uliyovaa. Kama umefanya mabaya, tutakwenda pamoja kuyasema, mimi mbele. Rudi, nina—"

Adhana ikamkata.

Jioni zilizofuata alisema redioni kwa simu, akiwa dukani kwake Bwera. Siku ya tisa, asubuhi, askari wa mpakani akasimama mlangoni.

"Mama ya redio ni wewe? Mutoto yako imevuka, inaulizia wewe. Toka umuone!"

Mayimuna akatoka mbio bila viatu. Nje palikuwa na msichana aliyekonda, mtoto mchanga mgongoni. Akaangalia nyuma ya askari, labda yuko mwingine. Hakukuwa na mwingine.

Msichana akapiga magoti. "Mama, unisamehe. Miye ni Kahambu. Mama yangu alikufaka. Ile maneno yako haina jina ya mutu, nikasema basi, iko ya kwangu pia."

"Nasif unamjua?"

"Hapana, mama. Kambi iko mingi."

Askari akakohoa.

"Mama, iko yako ama haiko yako? Niandike nini?"

Mayimuna akamtazama mtoto mchanga, nyayo zake zimejaa upele.

"Iko yangu, afande. Andika wawili."

Aliwachemshia maji. Alipokuwa akimwosha mtoto kwenye karai, Kahambu akasema kwa woga: "Lakini mama, unasemaka mbio. Betri ya kule inachoka, banaipashaka ku moto. Siku ingine tunasikia 'mwanangu', kisha kelele tu."

"Mbona hukusema tangu ulipofika?" Mayimuna akamfokea, macho yamejaa machozi.

Jioni ile alishika simu kwa mikono miwili. Akasema neno moja moja, kama anayemlisha mgonjwa uji, akingoja limezwe ndipo atie jingine. Kahambu alikaa kando yake, mtoto kalala mapajani, anaitikia kwa kichwa kila neno lililofika.