Sumaku Iliyomshika Mzee

Hivi wewe umewahi kushikwa na kitu kisicho na mikono? Mume wangu ameshikwa, na mimi nilikuwepo, chakula chake cha mchana kiko mapajani mwangu.

Karakana yake ni banda la mabati pembeni mwa uwanja wa ndege ndogo, zile za viti viwili au vinne. Mlango mmoja, dirisha halifunguki, joto la kukaanga mtu. Humo anafanya kazi na binti yetu, tunayemwita Kadogo ingawa huinama kupita mlangoni. Kadogo alikuwa amepata kazi katika karakana kubwa ya mji mwingine, na jioni ya siku ile ya sumaku walitaka jibu. Baba yake hakujua. Kila mara binti akianza, "Baba, nina neno," mzee hukumbuka spana aliyoiacha kwenye ndege nyingine, huyoo, ametoka.

Siku hiyo walikuwa wanarudisha kwenye injini ya ndege alteneta ya sumaku, mtambo wa kuzalisha umeme. Kadogo amenieleza mara nyingi na mimi sichoki kuuliza. Alteneta nyingine husubiri betri iziamshe. Hii haisubiri mtu. Ni kikombe kizito cha chuma, ndani kimebandikwa sumaku pande zote, nacho hufungwa kwenye shafti ya injini. Injini ikizunguka, sumaku zinazunguka nje ya koili za nyaya za shaba zilizotulia tuli, na umeme unatoka. Umeme huo huenda mbele na kurudi nyuma, kwa hiyo kuna kisanduku cha kuunyoosha na kuupunguza kabla haujafika kwenye betri, redio na taa.

"Na ukitaka kuizima?" nilimuuliza.

"Haizimwi, Mama. Swichi inazuia umeme usifike kwingine tu. Injini ikizunguka, yenyewe inazalisha, itake isitake."

"Kama baba yako."

Akacheka, lakini kidogo.

Sasa, kikombe kile hakirudishwi kwa mikono mitupu, maana sumaku zinavuta kwa nguvu. Wao hutanguliza boliti tatu ndefu kwenye matundu ya kikombe, ncha zikagusa injini na kukizuia, kisha huzilegeza kwa zamu, robo mzunguko kila moja, kishuke taratibu. Lakini mwenye ndege alikuwa anapiga simu tena.

"Toa hizo boliti," mzee akasema. "Kazi hii nimeianza wewe hujaota meno."

Akakishika mwenyewe. Tukasikia, ta! Vidole viwili vikabaki kati ya ukingo wa kikombe na injini.

"Usivute, Baba!"

"Kwani naonekana navuta?"

Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Kadogo akarudisha boliti, safari hii zisukume kikombe kitoke. Robo hapa, robo pale, kwa zamu. Ukiharakisha moja, kikombe kinakwenda upande na kusaga mfupa.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Mwambie sasa. Leo hana pa kukimbilia."

"Mama! Mtu kabanwa vidole."

"Masikio hayajabanwa."

"Sitaki anikubalie kwa sababu nina spana mkononi."

"Mnasema nini huko?" mzee akafoka.

"Tunakuombea," nikamjibu.

Robo. Robo nyingine. Mzee alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye injini, anapumua kwa mdomo. Nimeolewa naye miaka yote hii, sijawahi kumwona amesimama mahali pamoja kwa muda mrefu hivyo.

Vidole vikatoka, vimevimba, kucha moja nyeusi. Nikavifunga kwa kitambaa cha chakula. Naye akanyoosha mgongo, akatazama mlango.

"Haya," akasema. "Tumalize hii kwanza. Mengine baadaye."

Kadogo akaweka spana chini.

"Hapana, Baba. Nimepata kazi mji mwingine, wanataka jibu leo, na jibu langu ni ndiyo. Nataka kuondoka hapa."