Sauti Kwenye Spika ya Ghala

…na spika ikasema, mama yangu, ghala zima likasikia! Esperansi alibaki na kikombe mdomoni.

Lakini twende taratibu. Esperansi, binti wa mzee Nimbona wa ng'ambo ya reli, hana hata miezi mingi tangu atoke chuo, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza: kufunga waifai mpya kwenye ofisi na ghala la chama cha wakulima wa tumbaku, huko Usoke. Kiboksi chenyewe kidogo kama sahani ya chai. Ndani yake akaugawa mtandao mmoja ukawa kama miwili isiyojuana. Mmoja wa ofisi, wenye mizani, printa na spika ya matangazo. Mwingine wa wakulima wanaosubiri soko, wachezee simu zao humo bila kugusa mizani ya mtu. Ulipokubali, alijisikia raha mpaka akacheka peke yake.

"Sasa mimi umeniweka wapi?" aliuliza mzee Amon, mwenyekiti.

"Shikamoo, mwenyekiti. Wewe upo kwenye wa ofisi."

"Marahaba. Maana wimbo wangu usipotoka, leo hakuna soko."

Na kweli. Pale soko halifunguliwi bila sala, na sala haianzi mpaka mzee Amon arushe wimbo wa kwaya kutoka kwenye simu yake uende kwenye spika. Wakishasali, huyo, anaingia stoo na simu yake. Kuitoa simu kwenye spika hajawahi, hata hajui kama kuna kuitoa. Waifai ya zamani ilikuwa inafia mlangoni mwa stoo, spika inanyamaza yenyewe, maisha yanaendelea. Hii ya Esperansi haifii mlangoni. Hii inafika mpaka chooni.

Basi wimbo ukaisha, watu wakasali, mzee Amon akaingia stoo, akafungua ujumbe wa sauti. Huku nje, juu ya marobota yote, ikatoka sauti ya Deus, mteuzi, yule anayepanga daraja la kila robota:

"Mwenyekiti, marobota ya ng'ambo ya reli nayaandika daraja la mwisho, kama tulivyopanga. Ya kwako na ya ndugu zako yanapanda. Wale watanung'unika, halafu watauza tu. Watayapeleka wapi?"

Deus mwenyewe alikuwa katikati ya ghala, jani la tumbaku mkononi. Akalirudisha polepole, kama linamuunguza. Mzee Nimbona alisimama kando ya marobota yake, macho bado mekundu kwa moshi wa bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, akiitazama ile spika kama mtu aliyetukanwa na ukuta.

Mzee Amon akatoka stoo anahema. "We binti, zima hiyo."

Kwenye kompyuta ya Esperansi ilikuwa ni kubofya mara moja tu, spika inakatika. Mkono ulikuwa tayari kwenye mausi. Akawaza kazi yake, ambayo hata haijapoa. Akamwangalia baba yake. Akautoa mkono, akauweka mapajani.

"Inaloadi, mwenyekiti."

"Inaloadi nini?"

"Mtandao mpya huu, mzee wangu. Unataka uvumilivu."

Mwenyekiti akahangaika na simu, badala ya kuzima akaongeza sauti. Ujumbe wa pili ukajifungua wenyewe: "Halafu yule Nimbona, tumbaku yake inaishinda ya kwako. Huyo ndio tuanze naye."

Hapo ndipo simu ikanyamaza.

"Na wewe ulimjibuje?" Mama Koleta, jirani wa kina Nimbona, aliuliza kwa upole kabisa. "Tuwekee na jibu lako, baba mwenyekiti. Si tunasikia vizuri?"

Mtu akacheka, akajikuta yuko peke yake. Mzee Nimbona akakaa juu ya robota lake.

"Deus, weka kalamu chini," akasema. " Leo hapimiwi mtu."

"Ndugu zangu," mzee Amon akaanza, "nipeni muda nijipange."

"Ujipange, au useme?" Mama Koleta akamkatiza.

"Niseme."

"Deus kasema 'tulivyopanga'. Wewe na Deus, na nani tena?"

Mwenyekiti akaitia simu mfukoni. "Wapo."

"Sisi hatuondoki hapa," alisema mzee Nimbona. "Tutalala na tumbaku yetu."

"Laleni," mzee Amon akasema. "Bila nyinyi hakuna soko. Kesho nitawatajia wote waliobaki, mmoja mmoja, kwa majina."