Waliotupwa Pamoja na Majani

Jumamosi asubuhi Nassuuna alikuwa ameinama akipalilia viazi vitamu. Toroli ikasikika upande wa pili wa ua, na mara nyasi zilizokatwa kwa mashine zikamwagika juu ya matuta yake, pamoja na matawi ya mawaridi yenye miiba. Akanyoosha mgongo. Aliyeshika toroli alikuwa Okwir, mtunza bustani wa Bwana Kiyimba, mtu mpole ambaye hata salamu huitoa akitazama chini.

"Okwir, huku ni shamba la mtu."

"Najua, mama. Mimi natumwa tu."

"Na aliyekutuma hana kwake pa kutupia?"

"Kwake anataka pawe safi," akasema Okwir, akageuza toroli.

Ilianzia hapo. Sisi wa kilima cha Kyambizzi tuliona tangu mwanzo, tukanyamaza, kwa sababu Kiyimba ndiye pekee mwenye gari na kila mmoja wetu ana mgonjwa nyumbani.

Nassuuna hakuwa na pengine. Mumewe alipofariki, mashemeji walimtoa shambani matanga hayajaisha, kwa kuwa hakuwa amezaa. Akauza vitumbua vya ndizi sokoni mpaka vidole vikabadilika rangi, akanunua kile kipande. Ni kidogo, ukipiga chafya huku mwanzo, kule mwisho wanakuombea afya. Lakini kilikuwa chake, na kwenye kona ya chini, penye migomba, alikuwa ameshapachagua pa kuzikwa. Mtu asiye na mtoto hujichagulia mwenyewe.

Alikwenda kwa Kiyimba, akamkuta barazani akinywa chai.

"Nyabo, ile ni mbolea," Kiyimba akasema, akimwita kwa neno la heshima tunalowaitia akina mama. "Wenzako wanainunua."

"Mbolea yenye miiba, bwana?"

"Itaoza. Kila kitu huoza. Usiwe na roho ya kwa nini."

Baadaye toroli ikaleta masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini, yameng'olewa na mizizi yake, na vipande vya saruji chini yake. Kiyimba alikuwa anasawazisha nyuma ya nyumba ili apande nyasi kiwanja kizima, na nyuma ya nyumba ndiko walikolala wazee wake. Jioni hiyo Nassuuna alitoka kuchukua kuni, akamkuta bibi mmoja ameketi juu ya lile rundo, anajipangusa udongo kwenye nguo yake ya gome la mti, ile tunayowavisha wafu. Alikuwa Bibi Yuniya, mama yake Kiyimba, aliyefariki mwaka ule wa mvua ya mawe. Nassuuna akapiga magoti, akamwamkia.

"Habari za huko, bibi?"

"Zilikuwa njema mpaka waliponizoa," akasema Bibi Yuniya. "Nilikuwa nimelala, nikasikia koleo. Una chochote jikoni?"

Alikula ndizi na mchuzi wa karanga, akaongezwa, akaongezwa tena. Kisha akarudi kwenye rundo, akajifunika nyasi, akalala. Toroli iliyofuata ilimleta mumewe, Mzee Zakaliya, ambaye hakupenda kukaa karibu na moshi. Iliyofuata ikamleta wifi yake Bibi Yuniya akiwa na kitoto kichanga ambacho hakikuwahi kupewa jina. Nassuuna aliwapokea wote. Angefanyaje? Wazee hawafukuzwi mlangoni, hata wakiwa wazee wa mtu mwingine.

Lakini chakula hakikutosha. Rundo lilipanda mpaka likafunika matuta, viazi vikaoza ardhini, na vile vichache vilivyobaki waliandaliwa wageni kwanza. Nassuuna akawa anakula makombo. Alijaribu kuyabeba yale majani kichwani ayapeleke barabarani, lakini kila furushi alilotoa lilirudi likiwa mawili kabla hajashusha pumzi. Siku moja alikaa chini katikati ya uchafu ule, akalia, tena kwa sauti. Wafu wakamwomba alie taratibu, mtoto amelala.

Ndipo akapata wazo, na aliliona zuri sana, maskini. Atawapeleka barazani kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenye macho atajionea mwenyewe kwamba Kiyimba anatupa uchafu wake, na si uchafu tu, anatupa mpaka mama yake mzazi. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Wakapanda kilima wote, polepole, kwa ajili ya magoti ya mzee. Mwenyekiti aliinuka kuwapokea, akaagiza viti, akamuuliza Mzee Zakaliya kama jua halimsumbui. Kiyimba alifika na gari lake. Alimsalimu mama yake kupitia dirisha la gari, kisha akashuka. Hakukana neno.

"Ni kweli, majani ni yangu," akasema. "Na hawa ni wazee wangu."

"Nyabo," mwenyekiti akamgeukia Nassuuna, "wanalala wapi siku hizi?"

"Kwangu, mheshimiwa. Shambani kwangu. Na nawalisha mimi."

"Wamelala pale kwa amani?"

"Kwa amani. Waulize."

Wafu wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akajikuna kidevu, na alipoanza kusema alisema kwa upole, kama anayempa mtu pole ya msiba.

"Kununua umenunua, hakuna anayebisha. Lakini sisi hapa shamba tunalijua kwa waliolala ndani yake. Pale wamelala wazee wa Kiyimba, umesema mwenyewe. Wa kwako aliyelala pale ni nani?"

"Mimi nalala pale kila siku."

"Wewe uko hai, mama."

Nassuuna akatazama huku na huku. Sisi tuliokuwa pale tulikuwa tunatazama viatu vyetu. Akamgeukia Bibi Yuniya, akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi.

"Bibi, sema wewe. Waambie nani amekutupa na nani amekuokota."

Bibi Yuniya alivuta nguo yake ikae vizuri mabegani.

"Umenilea vizuri," akasema. "Lakini Kiyimba ni mwanangu."

Basi, mambo yakaishia hapo. Kiyimba akapewa kipande kile kwa heshima ya wazee wake. Akashukuru, akaahidi kupasawazisha na kupanda nyasi papendeze, na mwenyekiti akasema hilo ni jambo jema. Kisha Kiyimba akauliza upande wa chini jirani ni nani. Ni mimi.

Jioni Nassuuna aliwasha moto kama kawaida. Viazi vya mwisho vilikuwa sufuriani, na wageni walikuwa wameketi wakingoja, kichanga kikinyonya. Alikoroga, akaacha, akakoroga tena.

"Bibi, ulishindwaje kusema?"

"Wewe ungemsema mwanao?"

"Mimi sina mtoto."

"Basi huwezi kujua," akasema Bibi Yuniya, wala hakulisema kwa ubaya.

Moto ulikuwa unafifia. Nassuuna akatazama kule penye migomba, pale pake, na sauti ikamtoka ndogo.

"Nikifa, mimi nitalazwa wapi?"

Mzee Zakaliya alikohoa, wifi akamhamishia mtoto bega la pili. Mwishowe Bibi Yuniya akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Mwombe mwanangu," akasema. "Ukimwendea kwa adabu atakupatia mahali. Moyo wake si mbaya."

Nassuuna akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaanza kupakua. Alianza na mzee, akaja kwa bibi, akamalizia kwa wifi, na sufuria ikawa tupu.